Kisigino Kinachouma kwa Miezi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Sindano, Mawimbi na Tiba za Tundu Dogo

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Dar es Salaam. Wanaonijia na kisigino ni walimu, wauguzi, walinzi wanaosimama getini tangu jua kuchwa hadi kuchomoza, mama lishe, na vijana wa klabu za jogging. Wengi wamehangaika miezi na miezi kabla ya kufika, na wengi wameshauziwa tiba ya mwisho kabla hawajajaribu ya kwanza. Maswali nimeyaandika kama wanavyoniuliza.

Asubuhi nikishuka kitandani kisigino kinachoma kama nimekanyaga msumari, nikitembea kidogo kinalegea. Ni nini hiki?

Umeeleza dalili kuu yenyewe. Chini ya unyayo kuna ukanda mgumu unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino na kutawanyika hadi kwenye vidole. Ndio unaoshikilia upinde wa mguu kila unapokanyaga. Mzigo mkubwa unaangukia pale ukanda unaposhikana na mfupa, upande wa ndani wa kisigino. Usiku miguu ikipumzika ukanda nao unajikunja. Hatua ya kwanza ya asubuhi inauvuta ghafla, nawe unajishikilia ukutani. Hali hiyo hiyo hukurudia ukikaa muda mrefu kwenye daladala kisha ukasimama.

Hospitalini utasikia ikiitwa plantafashaitisi. Jina hilo linafanya watu wadhani ni uvimbe tu, na kwamba dawa ya kupunguza uvimbe itamaliza kazi. Mwanzoni inaweza kusaidia. Lakini kisigino kilichouma zaidi ya miezi mitatu mara nyingi ni habari nyingine: nyuzi za ukanda zimechakaa na ukanda umenenepa. Kwenye altrasaundi, ukanda wenye unene unaozidi milimita 4 humfanya daktari autilie shaka. Kitu kilichochakaa kinahitaji kujengwa upya, na hapo ndipo majibu yangu mengine yote yanapotokea.

Nimepigwa eksirei, nikaambiwa mfupa umeota mwiba. Si lazima ukatwe?

Mara nyingi, hapana. Naomba hili nilieleze taratibu kwa sababu limewatia hofu watu wengi mno.

Alinijia mwalimu mmoja wa shule ya msingi na bahasha yake ya kaki, ameikumbatia kifuani. Akaitoa picha, akaielekeza dirishani, akaniwekea kidole kwenye kile kipembe: "Huu ndio unaonichoma." Picha ilikuwa ya visigino vyote viwili. Nikamuomba atazame na kile kingine. Mwiba wake ulikuwa mrefu kuliko huo wa kwanza, na mguu huo haujawahi kumuuma hata siku moja. Alikaa kimya, akaigeuza picha, akaitazama tena.

Watu wengi wana miiba hiyo na hawana habari, kwa kuwa haiwaumi. Wapo pia wenye maumivu makali ambao picha yao ni safi kabisa. Mwiba huota polepole, hauchomi kama sindano, na maumivu huisha huku mwiba ukiwa palepale. Picha ina faida yake, kwa mfano kuangalia kama mfupa una ufa. Ila kumpeleka mtu chumba cha upasuaji kwa sababu ya mwiba peke yake ni kumkosea.

Mimi nimeambiwa ni gauti, nimeacha nyama na maharage mwaka mzima.

Gauti hupenda kiungo cha kidole gumba cha mguu, huja kwa kishindo, na kiungo huvimba, kikawa chekundu, hata shuka likikigusa unalia. Kisigino kinachouma hatua za kwanza za asubuhi kisha kinalegea hakina sura hiyo. Kama hujapimwa na kuthibitishwa, rudi uulize vizuri kabla ya kuendelea kujinyima.

Kuna maumivu ya kisigino ambayo si ya ukanda huu?

Yapo, na haya usiyangoje. Maumivu yanayokuamsha usiku ukiwa umelala. Kisigino kilichovimba na kina joto, au una homa. Ganzi au kuwaka moto kunakosambaa unyayoni. Maumivu yaliyoanza ghafla baada ya kuanguka au kuongeza mbio kwa pupa, na ukikiminya kisigino kwa pande zote mbili unaruka, kwani huo unaweza kuwa ufa wa mfupa. Kijana ambaye visigino vyote viwili vinauma, na mgongo unakaza kila asubuhi kwa nusu saa au zaidi, apimwe magonjwa ya baridi yabisi. Mtoto wa miaka 8 hadi 14 anayecheza mpira na kulalamikia nyuma ya kisigino ana tatizo lake la ukuaji, na tiba nyingi nitakazozitaja hapa hazimhusu.

Nataka kwenda moja kwa moja kwenye sindano au mashine. Kwa nini mnatuzungusha na mazoezi?

Kwa sababu wengi mnapona kwa mazoezi. Katika watu 10, wanane au tisa hupata nafuu ya kweli bila kukatwa, ingawa huchukua miezi 6 hadi 12. Jambo la pili ni kwamba hakuna sindano wala mashine inayojenga nguvu ya mguu. Inaweza kufungua mlango tu.

Tatizo ni kwamba nikiuliza "umefanya mazoezi?" najibiwa "nimefanya", na nikiuliza yepi, naoneshwa mtu akizungusha kifundo cha mguu mara tano. Ninayoyataka ni haya.

Kabla hujakanyaga chini asubuhi, kaa kitandani, pandisha mguu unaouma juu ya goti la mwingine. Shika vidole vyote vya mguu, uvivute kuelekea kwako mpaka uone ule ukanda umekaza kama kamba ya kuanikia nguo. Hesabu 10, legeza, rudia mara 10. Fanya hivyo mara tatu kwa siku. Asiyeweza kuvifikia vidole achukue khanga, aikunje, aipitishe chini ya vidole na avute ncha zote mbili.

Zoezi la pili ndilo lenye uzito. Kunja taulo, liweke ukingoni mwa ngazi, kanyaga kwa mguu mmoja vidole vikiwa juu ya taulo vimeinuka, kisigino kikiwa hewani. Panda kwa hesabu ya 3, kaa juu kwa hesabu ya 2, shuka kwa hesabu ya 3. Fanya siku moja, pumzika siku moja. Ukizoea, vaa begi mgongoni lenye vitabu. Utafiti uliofanywa Denmark na kutolewa mwaka 2014 uliwalinganisha waliofanya zoezi hili na waliojinyoosha tu: baada ya miezi mitatu wa taulo walikuwa mbele wazi, ingawa kufikia mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa yamekaribiana. Kwa mtu anayelipwa kwa kusimama, miezi hiyo si midogo.

Halafu viatu. Nyumba zetu tunavua viatu mlangoni na sakafu ni vigae. Huo ni utaratibu mzuri, usiuache. Nunua sandozi laini zenye kisigino kilichoinuka kidogo, ziwe za ndani tu, zikae pembeni mwa kitanda. Ndala zilizokwisha chini hadi unaona mwanga zitupe. Fundi viatu wa mtaani kwako anaweza kukuongezea kipande cha raba chini ya kisigino cha kiatu cha kazini.

Fanya hayo kwa uaminifu miezi mitatu. Ukiona hakuna kinachosogea, basi tuzungumze kuhusu yanayofuata.

Sindano ya steroidi inamaliza maumivu?

Steroidi ni dawa kali ya kupunguza uvimbe. Inayatuliza haraka, haiyamalizi. Australia walifanya jaribio lililochapishwa mwaka 2012: kundi moja likachomwa steroidi, lingine maji ya chumvi, zote zikiongozwa na altrasaundi. Wiki ya 4 wa steroidi walikuwa na nafuu zaidi. Wiki ya 8 na ya 12 tofauti ya maumivu haikuonekana tena.

Siipingi. Mtu ambaye hawezi hata kusimama ili aanze mazoezi, sindano moja inaweza kumpa dirisha la wiki chache. Shida ni pale nafuu inapokuja, mtu anaacha kila kitu, maumivu yanarudi, anafuata ya pili, kisha ya tatu. Kila sindano inaongeza hatari ya ukanda kukatika wenyewe, na mto wa mafuta unaolinda kisigino unaweza kuyeyuka. Mto huo ukishapungua, haurudi kirahisi. Mtu anabaki anatembea juu ya mfupa.

Nimemhudumia mama mmoja mpishi aliyechomwa mara nne ndani ya miezi michache, bila altrasaundi, kwenye zahanati ambayo sitaitaja. Siku moja akibeba sufuria alisikia "pwa!" unyayoni. Maumivu ya zamani yaliisha palepale, yakaja mapya: upinde ukashuka, na upande wa nje wa mguu ukaanza kuuma kila anaposimama. Aliniuliza kwa nini hakuna aliyemwambia. Ndiyo maana naandika. Ukichomwa, uliza kama kuna altrasaundi ya kuongoza sindano, na ukipewa ya pili uliza kwa nini ya kwanza haikutosha.

Mashine ya mawimbi ya mshtuko inafanyaje kazi? Ni umeme?

Si umeme unaopita mwilini. Ni mawimbi ya mgandamizo, yaani kishindo cha sauti kinachosukumwa ndani ya nyama. Asili yake ni tiba ya mawe ya figo: mgonjwa wa kwanza alivunjwa jiwe kwa mawimbi hayo Munich, Ujerumani, mwaka 1980. Baadaye yakageuziwa mifupa na kano, na Marekani iliidhinisha mashine ya kwanza kwa ajili ya kisigino mwaka 2000.

Unalala kifudifudi, unapakwa jeli ya baridi, kichwa cha mashine kinawekwa mahali panapouma hasa. Kisha tak-tak-tak-tak, kama cherehani iliyokanyagwa kwa haraka. Dakika za kwanza zinauma, sikufichi. Wengi hukunja shuka mikononi. Tunaanza na nguvu ndogo, tunapandisha taratibu, na kufikia katikati mguu unakuwa umeshazoea. Mapigo ni kama 2,000 kwa kikao kimoja, vikao 3 hadi 5, kimoja kwa wiki. Ganzi kwa kawaida hatuchomi, kwa sababu majaribio yalionesha inapunguza matokeo, na pia tunahitaji utuambie panapouma ni wapi.

Unatoka ukitembea. Unaweza kuona wekundu au mchubuko, na siku mbili za kuuma. Usitegemee kuamka kesho umepona: nafuu hujijenga kati ya wiki ya 6 na ya 12. Hapo ndipo watu wengi hukata tamaa na kusema wameibiwa pesa. Katika tiba zote za hatua ya pili, hii ndiyo ninayoipendekeza kwanza, kwani haifungi njia nyingine yoyote. Mjamzito hafanyiwi, wala mwenye uvimbe wa saratani sehemu hiyo, wala mwenye damu isiyoganda vizuri. Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, au anayekunywa dawa za kuyeyusha damu, aseme kabla hajapanda kitandani.

Nimesikia mtu anatolewa damu yake na kuchomwa kisiginoni. Ni kweli?

Kweli. Inaitwa PRP. Unatolewa damu mkononi kama ya vipimo, ila nyingi zaidi, inazungushwa kwa kasi kwenye mashine hadi igawanyike, na ile sehemu ya rangi ya manjano yenye chembe sahani nyingi inachomwa kwenye ukanda. Chembe sahani ndizo zinazoziba kidonda na kuita ukarabati. Wazo ni kuzipeleka mahali ambapo damu hufika kwa shida.

Ikilinganishwa na steroidi, PRP huchelewa kuleta nafuu, lakini majaribio kadhaa yameikuta mbele baada ya miezi 6 na kuendelea. Mengine hayakuona tofauti kubwa, na namna ya kuitengeneza hutofautiana kati ya kliniki na kliniki, kwa hiyo mtu akikuhakikishia asilimia mia, mshukuru uondoke. Siku za kwanza kisigino huuma zaidi ya ulivyoingia. Utaombwa usinywe diklofenaki wala ibuprofeni kwa wiki moja au mbili, maana zinazima kile kile tunachojaribu kukiwasha. Panadol inaruhusiwa.

Na hiyo ya tundu dogo, bila kupasuliwa?

Hapa kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni sindano nene inayotetemeka. Daktari anakupiga ganzi, anatoboa tundu la milimita chache, na huku akitazama altrasaundi anaipeleka ncha hadi kwenye sehemu iliyochakaa. Ncha inatetemeka kwa kasi kubwa, inavunja nyuzi zilizooza, na maji yanazisomba nje. Ukanda mzima unabaki. Kazi yenyewe ni ya dakika chache, unafungwa bandeji, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Si kila hospitali ina kifaa hiki, kwa hiyo uliza kwanza kabla hujapanda basi.

La pili ni kuukata ukanda wenyewe kwa kamera. Matundu mawili yasiyofika sentimita moja, kamera inaingia upande mmoja na kisu upande wa pili. Daktari anakata sehemu ya ndani tu, theluthi hadi nusu. Zaidi ya nusu ni hatari: upinde unashuka, mzigo unahamia nje ya mguu, na umebadilisha ugonjwa kwa ugonjwa. Pia kuna mishipa midogo ya fahamu jirani kabisa, na kidonda kinaweza kuingia wadudu. Hii ni upasuaji, hata kama tundu ni dogo kama punje ya maharage, na inafaa baada ya miezi 6 hadi 12 ya mengine yote kushindikana.

Na kabla ya kukubali, omba akupime shavu la mguu. Kwa baadhi ya watu msuli wa nyuma ya mguu umekaza kiasi kwamba ndio unaokivuta kisigino kila hatua. Kwao daktari anaweza kuulegeza msuli huo badala ya kuugusa ukanda.

Botoksi, sindano kavu, kuchoma mshipa wa fahamu?

Zote zipo, na zote zina watu zilizowasaidia. Botoksi ni dawa ya kulegeza misuli inayochomwa kwa sindano. Sindano kavu, yaani sindano nyembamba isiyo na dawa ndani, inapunguza maumivu kiasi na inaendana vizuri na mazoezi. Kuunguza kamshipa ka fahamu kwa joto kunazima taarifa ya maumivu, hakurekebishi ukanda. Singeanza na yoyote kati ya hizi.

Mama yangu ana kisukari. Tunamkanda kwa jiwe la moto, anapata nafuu.

Acheni leo. Mwenye kisukari cha muda mrefu anaweza kuwa amepoteza hisia unyayoni. Jiwe linaunguza, yeye hasikii, na kidonda cha kisigino kwa mgonjwa wa sukari kinaweza kuishia kukatwa mguu. Nimeona malengelenge ya jiwe, ya chupa ya maji ya moto, na ya matofali yaliyofungwa kwenye kitambaa.

Sindano ya steroidi pia hupandisha sukari kwa siku kadhaa, kwa hiyo apime mara nyingi zaidi na daktari wake ajue. Tundu lolote, hata dogo, lisitobolewe kabla damu ya miguuni haijapimwa kama inafika sawasawa. Kwake yeye viatu vizuri, kujinyoosha, na fiziotherapia ndiyo njia ndefu lakini salama.

Nimuulize nini daktari kabla sijalipa?

Muulize amejuaje kwamba ni ukanda, na kama ameubonyeza kwa kidole au ametazama karatasi tu. Muulize kama sindano itaongozwa na altrasaundi, jumla ya vikao vyote ni shilingi ngapi badala ya bei ya kikao kimoja, na mpango ni upi tiba isipoleta nafuu. Piga simu bima yako kabla ya siku yenyewe, upate jibu la maandishi kama ukiweza. Ukitaka maoni ya pili, madaktari bingwa wa mifupa wapo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, KCMC Moshi na Bugando Mwanza, na kuomba maoni ya pili si kumvunjia mtu heshima.

Nikishafanyiwa, nitarudi lini kazini na kwenye jogging?

Mawimbi: kazini kesho yake, mbio zisubiri wiki chache. PRP na sindano inayotetemeka: siku chache za kutembea kidogo, wengine hupewa kiatu kigumu cha kulinda mguu, kisha kazi ya kukaa kwanza na ya kusimama baadaye. Kukatwa kwa kamera: wiki 2 hadi 4 ndipo wengi hurudi kwenye kiatu cha kawaida, na mbio ni miezi mitatu au zaidi.

Kipimo changu cha mbio ni asubuhi ya kesho yake. Kimbia dakika moja, tembea mbili, mara sita, kwenye udongo kama upo karibu. Ukiamka na hatua ya kwanza haijauma kuliko jana, ongeza kidogo keshokutwa. Ikiwa imeuma zaidi, rudi nyuma hatua moja, lakini taulo la ngazini usiliache.